Fidia ya kifo cha kaka yangu imelipa mkopo wake, watoto wake wamebaki na makombo

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira ya wiki tatu, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu ili mwanasheria aliyemo humu aweze kunisahihisha pale nitakapokosea.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha huko Buguruni, Dar es Salaam. Mwaka jana, jioni moja akitoka kazini, aligongwa na lori akivuka Barabara ya Mandela, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ameacha mjane na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Kikao cha familia kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha, na kwa miezi kumi na moja nikazunguka na bahasha ya kaki yenye ripoti ya polisi, ramani ya ajali, cheti cha kifo na nakala ya hukumu ya dereva, nikienda na kurudi katika kampuni ambako lori lile lilikatiwa bima ndogo, ile inayowalipa watu wengine walioumizwa na gari. Hatimaye walikubali kulipa shilingi 22,000,000.

Siku fedha zilipoingia nilikwenda benki pamoja na shemeji yangu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi ameshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule la mwanawe mkubwa, ambayo juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kodi ya miezi sita, sare, madaftari, na mtaji wa genge. Karani alitazama kompyuta yake, akatuambia salio ni shilingi 9,340,000. Nikadhani amekosea akaunti. Nilipoomba taarifa ya akaunti nikaona mistari miwili ya tarehe ileile: wa kwanza fedha zimeingia, wa pili shilingi 12,660,000 zimetoka, na mbele yake maneno mawili tu, "marejesho mkopo".

Kaka alikuwa na mkopo wa biashara katika benki hiyohiyo, nami nilifungua akaunti ya mirathi pale kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na nyumbani. Hakuna barua tuliyoletewa, hakuna simu iliyopigwa, hakuna hukumu wala amri ya mahakama. Ofisa wa mikopo alinijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kwamba deni la marehemu hulipwa kwanza, hata dini zinasema hivyo.

Wiki iliyofuata wakafika nyumbani watu wa mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, wakiwa na mkataba wenye alama ya dole gumba. Wazee wetu waliogopa aibu ya marehemu kudaiwa mbele ya majirani, wakanisihi niwape, nikawapa milioni tatu. Hilo kosa ni langu na nimemwomba shemeji msamaha.

Sikatai hata kidogo kwamba deni la marehemu lilipwe. Tuliuza pikipiki yake, tukakusanya malipo aliyokuwa akiwadai wateja, tukamaliza deni la duka la vyuma na la VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, mpaka shilingi ya mwisho, kwa sababu hizo zilikuwa mali zake. Ninachokikataa ni kuihesabu fidia ya kifo chake kuwa mali yake. Mtu hawezi kumiliki malipo ya kufiwa na yeye mwenyewe. Waliofiwa ni mke wake, watoto wake na mama yetu, na hao ndio ambao Sheria ya Sura ya 310, inayohusu fidia za vifo vya ajali, inawataja: madai hufunguliwa kwa manufaa ya mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu, na kila mmoja hupewa kwa kadiri ya hasara aliyoipata kutokana na kifo hicho. Msimamizi wa mirathi husimama kama mdai kwa sababu lazima awepo mtu wa kusimama, lakini fedha hizo hupita mikononi mwake zikielekea kwa wategemezi. Kinachoingia katika mirathi ni kile ambacho marehemu mwenyewe angekuwa na haki ya kukidai, kama gharama za matibabu kabla hajakata roho.

Sasa nimeelewa mlango ambao fedha zilitokea. Hati niliyotia saini kwenye kampuni ya bima ina kiasi kimoja tu na sentensi moja, kwamba haya ni "malipo kamili na ya mwisho kwa msimamizi wa mirathi ya marehemu". Haisemi za watoto ni ngapi, za mjane ni ngapi, za mama ni ngapi. Shauri likisikilizwa mahakamani, hakimu au jaji ndiye hugawa mafungu, lakini sisi tulio wengi tunamalizana mezani, na pale mezani hakuna anayemwambia mtu kama mimi kwamba karatasi ile inageuza riziki ya yatima kuwa mali ya marehemu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sheria zetu zinajua kulinda wakati zinapotaka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamzuia dalali wa mahakama kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za fundi. Hata haki yenyewe ya kufungua madai ya fidia haikamatiki. Lakini haki hiyo ikishageuka kuwa fedha ndani ya akaunti, inaachwa wazi kama fedha nyingine yoyote. Sufuria ya shemeji yangu ina ulinzi kuliko thamani ya uhai wa mume wake!

Na kaka angekuwa ameajiriwa, akafa akiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015 ungewalipa wategemezi wake pensheni ya kila mwezi, na sheria ya Mfuko huo inakataza fidia kuwekwa rehani, kukamatwa kwa kukazia hukumu au kukatwa ili kufidia deni. Wabunge waliweza kuliandika hilo kwa mwajiriwa. Fundi wa Buguruni anayekufa barabarani amekosa nini hata watoto wake wasiandikiwe maneno hayohayo?

Walio katika foleni ya kusubiri fidia, nawasihi msitie saini hati yenye kiasi kimoja. Daini mgawanyo uandikwe kwa majina, na msipokelee fedha katika benki ambako marehemu alikuwa na mkopo. Pia ombeni mkataba wa mkopo muusome ukurasa kwa ukurasa. Mimi niliupata juzi, na katika ukurasa wa tatu nimeona kwamba kaka alikatwa fedha ya bima ya mkopo siku ileile alipokopeshwa, yaani bima ambayo kazi yake ni kulipa deni pale mkopaji anapofariki. Nimeiandikia benki kuuliza kama waliwahi kuidai bima hiyo, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ninayo. Hawajajibu. Wakiendelea kunyamaza, malalamiko yatakwenda Benki Kuu.

Wanasheria, swali langu ni hili. Mahakama imeniongezea muda wa kurejesha hesabu ya mirathi, na fomu ina sehemu ya madeni yaliyolipwa. Nikiandika pale zile 12,660,000, je, sitakuwa nimekiri kwa saini yangu kwamba zilikuwa fedha za marehemu? Na nisipoziandika, niziweke wapi?