Roland JV-1080: bodi za nyongeza, pachi za bure au kompyuta?

Funguo88
Wakuu, salaam. Nina JV-1080, moduli ya sauti ya Roland (sinthesaiza isiyo na kibodi), ile iliyotoka 1994, na bado inapiga bila shida. Ila sauti zake za ndani nimezizoea mpaka zimenichosha, na nafasi zote 4 za bodi ni tupu. Naona njia tatu: kutafuta bodi za SR-JV80 (za kuchomeka ndani, zina sauti mpya), kupakia pachi (mipangilio ya sauti) za bure kwa midi (njia ya vyombo vya kielektroniki kutumiana data), au kuacha chombo kama kilivyo na kupiga sampuli (sauti za vyombo halisi zilizorekodiwa) za kompyuta. Napigia kwaya, na sauti za nyuzi (fidla na wenzake) ndizo zinazonikera kuliko vyote. Nani kapita huku?

mzee_wa_pachi
Mkuu, tenganisha kwanza pachi na wimbi. Wimbi ndilo sauti iliyorekodiwa, limekaa kwenye chipu na halifutiki. Pachi ni maelekezo tu: chukua toni hizi (tabaka za sauti, kila moja na wimbi lake), hadi 4, chuja hivi, fungua taratibu, weka mwangwi. Ukipakia pachi elfu, malighafi yako ni zile zile megabaiti 8 za kiwandani. Bodi moja inaleta megabaiti 8 nyingine, yaani umezidisha ghala maradufu kwa mkupuo mmoja. Kama nyuzi zinasikika za plastiki, ugonjwa uko kwenye wimbi. Nunua bodi.

opereta_sita
Hiyo ni kwa vyombo vya sampuli lakini. Mimi niko na Yamaha DX7 ya 1983, haina hata wimbi moja la kurekodiwa. Sauti yote inakokotolewa na opereta 6 (vizalishi vya mawimbi vinavyobadilishana). Huku pachi ndiyo kila kitu. Benki ya sauti 32 ni faili la .syx (data ya kutuma kwa midi) lenye baiti 4,104, na midi hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde, kwa hiyo hata sekunde mbili haziishi. Zima tu ulinzi wa kumbukumbu, na hifadhi benki ya zamani kabla, kwa sababu mpya inaifuta yote.

mzee_wa_pachi
Sawa kabisa, DX7 ni kesi nyingine.

SautiYaTatu
Sikubaliani na hii haraka ya kununua. Watu wengi hawajawahi kutoka kwenye pachi za kiwandani. JV-1080 ina miundo 10 ya kuunganisha toni, na baadhi yake zinapita kwenye busta (inayokoleza na kukwaruza sauti) au ring modyuleta (inayozidisha toni mbili kupata mlio wa chuma). Chukua nyuzi mbili za ndani, zipishanishe kidogo kwenye tuni, moja ichelewe kuingia, punguza ung'avu wa chujio. Utashangaa. Halafu pachi za bure zina mtego: nyingi zimeandikwa na mtu mwenye bodi fulani. Kama huna bodi hiyo, toni inayoitegemea inabaki kimya na unadhani faili ni bovu. Na nafasi za mtumiaji ni 128 tu, hivyo chagua. Pachi za bodi hazizili hizo, zinakaa kwenye bodi yenyewe.

Funguo88
Hilo la kupishanisha tuni nitalijaribu leo leo. Bodi ipi kwa kwaya? Na nikiweka bodi, zile noti zinazokatika nikikanyaga pedali zitaisha?

mzee_wa_pachi
Hazitaisha. Bodi inaongeza sauti, haiongezi idadi ya noti. Chombo kinaweza kutoa milio 64 kwa wakati mmoja, basi. Pachi ya toni 4 inakula 4 kwa kila noti, zinabaki noti 16 tu. Kwa pedali na mikono miwili hizo zinakwisha upesi. Zima toni moja au mbili kwenye pachi ya nyuzi, utapumua.
Bodi: anza na namba 02, ya okestra. Namba 16 nayo ni ya okestra, namba 13 ni ya sauti za watu. Kwa kwaya iliyo na waimbaji wake, 13 ingengoja.

waya_mwekundu
Angalizo la ununuzi: usiuziwe SRX ukaambiwa ni kitu kile kile. SRX ni bodi za kizazi kilichofuata cha Roland, XV, haziingii kwenye JV-1080. Siku ya kufunga, chomoa umeme, gusa chuma kwanza, kisha bonyeza bodi sawasawa ndipo ugeuze vishikizi vya plastiki. Chipu hizo haziupendi umeme tuli.
Kompyuta kwa nyuzi itaishinda JV mchana kweupe, sibishi. Lakini ibadani nataka chombo kinachowaka na kupiga papo hapo. Studio ni habari nyingine.

Funguo88
Basi nazima toni kwanza, natafuta 02. Mwenye nayo asiyeitumia anicheki inboksi.