Kupe wanapanda ukutani chumbani, naombeni kipimo cha dawa

Kijana wa Goba: Wakuu, heshima zenu. Naomba msaada wa haraka. Kupe wamezidi nyumbani kwangu. Wanapanda ukutani kuelekea darini, wengine nawakuta kwenye pazia, na jana mke wangu kamtoa mmoja nyuma ya sikio la mtoto wetu. Ni wa kahawia, wadogo, hawana madoa. Sifugi ng'ombe wala mbuzi. Nimeambiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe inawamaliza, nataka kupiga chumba kizima. Nichanganye kiasi gani kwa ndoo moja? Natanguliza shukrani.

Bibi Shamba: Pole mwanangu. Kata nyasi kwanza. Mnajenga nyumba nzuri halafu uwanja mnauacha pori. Mimi nina kuku wa kienyeji na kanga, wanadonoa kutwa nzima, kupe nawasikia kwa majirani tu.

Mnyalukolo: Kupe si mdudu wa kuchekea. Kwetu Iringa kupe wa masikio walituletea ndigana kali. Ndama anavimba tezi chini ya sikio, anaacha kunyonya, mwishoni anahema kwa shida na povu puani. Mzee aliuza baiskeli akachanja waliobaki: sindano karibu na sikio, sindano nyingine ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo, wakavishwa hereni. Mpaka leo sipiti karibu na ndama mgonjwa nikiwa na roho nzuri.

Mwalimu Mstaafu: Hao ni papasi. Msiwadharau. Dutton, daktari Mwingereza, alifia Kasongo, Kongo, mwaka 1905 kwa homa ya papasi akiwa anaichunguza. Homa inapanda, inashuka, unadhani umepona, inarudi.

Mganga wa Mifugo: Mwalimu, homa umeieleza vizuri, ila mdudu ni mwingine. Papasi anakaa kwenye nyufa na vumbi la sakafu ya udongo, anatoka usiku, ananyonya muda mfupi na kurudi alikotoka. Ukimtazama kwa juu huoni mdomo, umefichwa chini ya mwili. Huyu aling'ang'ania nyuma ya sikio, wa kahawia asiye na madoa, na wenzake wanapanda ukuta. Hizo ni dalili za kupe wa mbwa. Kupe wengi wanahitaji majani na unyevu wa nje, yeye anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga ndani ya nyumba yako. Mleta mada, mbwa yuko wapi?

Kijana wa Goba: Kwa sasa sina mbwa. Naomba tu kipimo cha dawa.

Mganga wa Mifugo: Kwa sasa? Alikuwepo lini?

Kijana wa Goba: Alikuwepo mpaka mwezi uliopita. Alikuwa analala kibarazani, mvua ikinyesha anaingia sebuleni. Mtoto alipoanza kutambaa nikampeleka kwa shemeji Chanika. Sioni kosa hapo, mzazi yeyote angefanya hivyo. Cha ajabu, tangu aondoke ndiyo wamezidi, kwa hiyo nataka dawa kali. Nimeshanunua, na bomba la mgongoni nimeazima.

Binti wa Pangani: Mbwa sebuleni! Mbwa kazi yake ni geti. Huyo wa kwenye sikio mngempaka mafuta ya taa, anaachia mwenyewe.

Mganga wa Mifugo: Dada, hapana. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, ukimsumbua anaweza kutema mate yenye vimelea ndani ya kidonda. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha. Mtoto akipata homa au vipele siku zinazofuata, apelekwe hospitali na daktari aambiwe aliumwa na kupe.

Mkaguzi wa Chai: Wakuu, hii chai haina hata sukari. Mwanzo hana mfugo, mara mbwa yuko Chanika, mara bomba ameshaazima. Subirini, sasa hivi atakuja mtu na namba ya simu anauza dawa.

Mnyalukolo: Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha.

Kijana wa Goba: Simu yangu kioo kimepasuka, picha zinatoka ukungu. Ila nimefungua mfuniko wa swichi ya taa sasa hivi. Ndani kuna jike limevimba, la kijivu, kama mbegu ya mbarika, limekaa juu ya rundo la vijipunje vya kahawia vinavyong'aa, vimegandana. Kando kuna vidogo sana, vina miguu sita. Nina mtoto ndani, nisingekuja kutunga hadithi hapa.

Mganga wa Mifugo: Mkaguzi, mtu asiyeona hawezi kuandika hivyo. Vile vya miguu sita ni watoto waliototolewa, wakishakula na kujivua ngozi wanapata minane. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, na mkubwa aliyekomaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Ulimwondoa mbwa, kupe ukabaki nao ukutani. Chakula chao kimeondoka, wanamtafuta aliyebaki. Mrudishe, apewe dawa ya kupe kwa uzito wake na daktari wa mifugo. Watakaompanda watakufa juu yake, na nyumba itapungua kupe kuliko ukipiga dawa peke yake. Chumba cha mtoto usikipige dawa ya kuogeshea, haikutengenezwa kwa magodoro. Ziba nyufa, toa vitu vyote, fua pazia kwa maji ya moto, safisha pembe za dari. Nyufa zipigwe na mtu mwenye dawa ya ndani ya nyumba, mtoto asiwepo mpaka pakauke, na irudiwe kwa sababu mayai hubaki. Una paka?

Kijana wa Goba: Yupo. Mke wangu anasema mbwa akirudi na yeye anarudi kwao.

Mganga wa Mifugo: Basi pamethrini, dawa ya kupe ya mbwa, isimguse paka, inaweza kumuua. Kuhusu shemeji, nina hakika mbwa amempelekea kupe. Mpigie usiku huu.

Kijana wa Goba: Nimempigia. Anasema wako nyuma ya kabati, alidhani ni kunguni.

Mkaguzi wa Chai: Mganga, samahani kwa yaliyopita. Mbwa wangu ana mimba, hiyo dawa inamfaa?