Miali ya mandharinyuma haikutani katikati na ina nyuzi nyeupe: naomba ushauri kabla ya kuchapa

Bango_Kondele:
Wadau, naomba msaada. Ninaandaa bango la futi 6 kwa 3 la mkahawa wa samaki pale Dunga, Kisumu. Mwenye kazi anataka miali itoke chini katikati, mfano wa jua linapozama ziwani, kwa manjano na machungwa. Natumia Inkscape, programu ya kuchora. Nilichora pembetatu moja, nikainakili na kuzungusha kila nakala digrii 14, zikafika 26, rangi zikipokezana. Ncha hazikutani, mwali mmoja ni mwembamba kuliko wenzake, na kati ya rangi na rangi kuna uzi mweupe ambao hata kwenye PDF hauondoki. Nimekosea wapi?

Wino_Nakuru:
Mwali mwembamba ni hesabu tu. 26 mara 14 ni 364, na duara lina 360. Nakala ya mwisho imepanda juu ya ile ya kwanza kwa digrii 4, ndiyo maana ya kwanza imebaki na 10. Anza na idadi inayogawa 360 bila baki: vipande 20 vya digrii 18, 24 vya 15, au 36 vya 10. Kwa rangi mbili idadi iwe shufwa, la sivyo vipande viwili vya rangi moja vitakaa ubavu kwa ubavu.

Uzi mweupe una sababu nyingine. Vipande viwili vikigusana kwenye mstari ulioinama, kompyuta hulainisha ukingo wa kila kimoja peke yake, na karatasi nyeupe iliyo chini huchungulia katikati. Ukizidisha ukali wa picha uzi utakuwa mwembamba zaidi, lakini hauondoki. Dawa ni kutochora vipande vya rangi mbili. Weka mstatili mmoja mzima wa machungwa chini, kisha chora miali ya manjano pekee, 12 badala ya 24. Hapo nyuma ya kila ukingo kuna rangi, si uwazi.

Miali_KK:
Wino amemaliza la hesabu, mimi naongeza hatua. Kutoka chini katikati ya bango lako hadi kona ya juu ni kama milimita 1,293, kwa hiyo mwali uwe na urefu wa 1,400. Upana wa kitako ni urefu mara mbili, mara tanjenti ya nusu ya pembe ya mwali (digrii 15, nusu yake 7.5): 2,800 × 0.1317, yaani milimita 369.

Chora pembetatu kwa kifaa cha poligoni, kona 3, ukishikilia Ctrl ili ikae wima, ncha ikitazama chini. Ondoa mstari wa pembeni kwanza kabla ya kupima, kwa sababu kwenye ncha kali mstari huo huchomoza nje na kipimo kinadanganya. Kisha fungua kufuli kati ya W (upana) na H (urefu), andika 369 na 1400.

Sasa ndipo wengi huharibu. Bofya pembetatu mara ya pili hadi mishale ya kuzungusha itokee, utaona msalaba mdogo katikati ya umbo. Huo ndio mhimili. Uvute hadi kwenye ncha ya chini, nao hujinata kwenye ukingo wa umbo. Ukiuacha katikati, nakala zitajizungusha tumbo kwa tumbo na ncha zitatawanyika, ndivyo ilivyokutokea wewe.

Fungua Edit, Clone, kisha "Create Tiled Clones". Safu 1, nguzo 12. Kwenye kichupo cha Rotation weka digrii 30 kwa kila nguzo. Kwenye Shift, upande wa nguzo, weka tiki kwenye "Exclude tile". Usipoiweka, kila nakala itasukumwa kando kwa upana wa umbo na utapata ngazi badala ya jua.

Mwali mmoja uelekee juu wima kabisa, ili upande wa kushoto na wa kulia wa bango vilingane.

Bango_Kondele:
Asante sana ndugu zangu, ncha zimekutana! Ila nilipopunguza ukolezo (opacity) wa manjano hadi asilimia 60, ule mwali wa juu umekuwa mzito kuliko wengine.

Miali_KK:
Pembetatu ya asili bado ipo chini ya nakala ya kwanza, kwa hiyo hapo una mbili. Chagua nakala zote 12, kata uhusiano kwa Shift+Alt+D, kisha futa ile ya asili. Malizia na Ctrl+K ziwe umbo moja. Halafu weka mstatili wa ukubwa wa bango juu yake na ukate kwa Object, Clip. Acha milimita 25 za ziada kila upande kwa ajili ya upindo na vitundu vya kamba.

Na kwa nini upunguze ukolezo? Chagua rangi iliyofifia tangu mwanzo. Mandhari #FFB300 na miali #FFC947 yatatosha. Manjano kali juu ya machungwa kali humeza maandishi, na bei ya samaki lazima isomeke kutoka barabarani.

Stika_Kakamega:
Kama kazi hii itakatwa pia kwa mashine ya stika, usiache ncha zikutane. Vinaili, yaani plastiki ya stika, ikiwa nyembamba hivyo huinuka na kuchanika kisu kinapogeuka. Kwa mwali wa digrii 15, upana wake ni takriban 0.26 ya umbali kutoka kwenye kitovu, kwa hiyo ukitaka usipungue milimita 5, toboa duara la nusu kipenyo cha milimita 20. Nembo ya mkahawa itaziba tundu hilo.

Wino_Nakuru:
Kwa walio kwenye Illustrator kuna njia fupi: duara la kipenyo cha pointi (pt) 300, bila rangi ndani, mstari wa unene wa pt 300, uwe wa vipande (dashed). Mzingo ni 942.48, gawa kwa 24 upate 39.27, huo ndio urefu wa kipande na wa nafasi. Ncha za vipande ziwe za kukatwa bapa, si za mviringo. Mstari hauruhusiwi kuzidi pt 1,000, kwa hiyo usijaribu kuchora kwa kipimo kamili cha bango. Ugeuze kuwa umbo kwanza, ndipo ukuze.