Kumsafirisha mama mkubwa wa miaka 74 kutoka Dar es Salaam hadi Washington: ni shirika gani lenye nauli nafuu litakalomfaa?

Mwana wa Chumbageni aliuliza:

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Mwishoni mwa Mei ninatarajia kumsindikiza mama yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, kwenda Maryland, jimbo linalopakana na jiji la Washington nchini Marekani, ambako binti yake amejifungua na anamsubiri kwa hamu. Mama ana umri wa miaka 74. Anatumia sindano za insulini kwa ajili ya kisukari na vidonge vya shinikizo la damu, na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu wala kupanda ngazi, ingawa nyumbani hujihudumia mwenyewe kwa kutumia mkongojo. Viza tumekwisha kuzipata sote wawili. Kilichobaki ni tiketi, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Nauli nilizoletewa zinapishana sana. Ya chini kabisa inapitia Nairobi hadi New York, kisha tunanunua tiketi nyingine ya ndege ya ndani hadi Washington. Inayofuata ni ya Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, inayotufikisha uwanja wa Dulles wa Washington. Za kupitia Doha, Dubai, Istanbul na Amsterdam ziko juu zaidi, na kwa baadhi ya siku tofauti ya nauli hufika dola 300 kwa kila mmoja wetu. Fedha hizi ni za mchango wa ukoo, na wapo waliotoa ilhali wenyewe wana shida, kwa hiyo nisingependa kuzitumia ovyo. Hata hivyo, sitakubali mzee wetu ateseke njiani kwa sababu ya kuokoa kiasi ambacho tungeweza kukipata kwa kusubiri mwezi mmoja zaidi.

Ninaomba kujua mambo matatu: kama kiti cha magurudumu hulipiwa, kama ni bora safari fupi ikifuatiwa na ndefu sana, au mbili zinazokaribiana, na kama ile nauli ya chini ina hatari ambayo mimi siioni.

Mkata Tiketi wa Arusha alijibu:

Ndugu yangu, kazi yangu ni kukata tiketi, na abiria wazee ndio ninaowafikiria kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuthibitisha safari, kwa sababu wakala akipanga vibaya, anayeumia ni mzee mwenyewe akiwa uwanjani ugenini. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito.

Ile nauli ya chini iache. Sisemi hivyo kwa ubaya wa njia ya Nairobi, kwani Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York mwezi Oktoba 2018, na kwa mtu anayeishia New York ni safari nzuri. Shida inaanza baada ya kutua. Marekani humtaka abiria apite uhamiaji na kuchukua mizigo yake kwenye uwanja wa kwanza anaotua nchini humo, hata kama begi limeandikiwa kufika mwisho wa safari. Kwa hiyo, baada ya saa zipatazo 15 angani, mtapanga foleni ya uhamiaji, mtayasubiri mabegi, mtapita forodha, mtayakabidhi upya, mtakaguliwa tena, ndipo muitafute ndege ya pili. Isitoshe, hizo ni tiketi mbili zisizojuana: ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikawaacha, shirika la pili halina wajibu wa kuwapa nafasi nyingine, nanyi mtanunua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Fedha mlizookoa zitakwisha hapo, na mama atakuwa bado ameketi kwenye benchi.

Nyingine zote ulizozitaja zina ndege inayotua Dulles, maana yake uhamiaji, mizigo na forodha vinamalizika mahali ambapo binti yake anamsubiri nje. Kwa hiyo shindanisha hizo peke yake, na hakikisha kila moja ni tiketi moja yenye namba moja ya nafasi.

Kiti cha magurudumu hakilipiwi. Kwa safari za kuingia na kutoka Marekani, kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo huyabana hata mashirika ya kigeni, na kwa anayeondoka kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya ipo Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inayompa abiria haki hiyohiyo. Lakini huduma hii ni vyema iombwe mapema, angalau saa 48 kabla ya safari, na iombwe kwa usahihi. Kwenye mfumo wa tiketi kuna herufi WCHR kwa abiria anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS kwa asiyeweza ngazi lakini anaweza kujisogeza mwenyewe ndani ya ndege, na WCHC kwa anayehitaji kupelekwa hadi kwenye kiti chake. Kwa maelezo yako, mama mkubwa anahitaji WCHS. Mawakala wengi huandika WCHR kwa mazoea, na athari yake huonekana ndege inapoegeshwa mbali na jengo, abiria wakapelekwa kwa basi, na mzee akafikishwa chini ya ngazi bila gari la kumwinua kuwa limeandaliwa. Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019, lina njia za kuingilia ndege bila ngazi. Wasiwasi wangu uko kwenye uwanja wa kuunganishia.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii ni muda wa kubadilisha ndege. Abiria wa kiti cha magurudumu hupandishwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, na baada ya hapo huenda akamsubiri mhudumu. Mfumo utakuuzia tiketi yenye saa moja na dakika kumi kati ya ndege mbili kwa sababu kijana anaweza kukimbia. Kwa mama, usikubali chini ya saa mbili na nusu. Saa tatu au nne ndizo ninazozipenda mimi. Mnaweza kwenda msalani, akala, akanyoosha miguu bila mtu wa kumharakisha.

Kuhusu Ethiopian yenyewe, ni chaguo zuri kwa bei. Elewa tu kwamba Addis Ababa iko juu sana na hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege kubwa haiwezi kuruka kutoka hapo ikiwa imejaza abiria, mizigo na mafuta yote kwa pamoja. Ndiyo sababu baadhi ya safari zake za kwenda Amerika Kaskazini hutua njiani kuongeza mafuta, ilhali wakati wa kurudi huja moja kwa moja. Muulize wakala wako kama tarehe yenu ina kituo hicho, kwa sababu kinaongeza muda wa kukaa kwenye kiti.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kumtunza mama yako mkubwa. Maelezo ya tiketi yametosha. Mimi nitaongeza ya afya, kwa kuwa mengine yanahusu moja kwa moja njia utakayoichagua.

Kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na umri mkubwa ni miongoni mwa mambo yanayoikuza hatari hiyo. Mchagulieni kiti cha kando ya njia, hata kama mtalazimika kukilipia, ili ainuke bila kuwaomba watu wampishe. Mzee mwenye heshima zake atavumilia kukaa kuliko kuwasumbua majirani. Wakati yuko macho, kila baada ya saa moja au mbili asimame au angalau akunje na kukunjua vifundo vya miguu. Anywe maji. Wazee wengi hukataa kunywa kwa kuogopa kwenda msalani, na hilo ni lazima umweleze kwa upole kabla ya safari, si angani. Soksi za kubana ni nzuri, lakini kwa mgonjwa wa kisukari zisivaliwe kabla daktari hajaikagua miguu yake na hali ya mishipa yake ya damu.

Insulini na vidonge vyote viwe kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake vya dukani, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa na sindano. Kamwe usiiweke insulini kwenye begi linalopakiwa chini, kwani ikiganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka. Mwezi Mei Washington iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo siku ya kwenda itarefuka kwa kiasi hicho. Nenda kliniki na ratiba ya safari mkononi, daktari akuandikie ni saa ngapi kwa saa za nyumbani atachoma na kiasi gani, na wewe usiibadilishe saa yako ya mkononi mpaka mmefika. Chakula cha wagonjwa wa kisukari huagizwa mapema kama kilivyo kiti cha magurudumu, na herufi zake ni DBML. Hata hivyo, beba kitu cha kula na kitu kitamu cha dharura, kwa sababu chakula cha ndegeni hakiji kwa saa za insulini yake.

Sasa jambo linalosahaulika. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayeingia akitokea nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyesubiri zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hiyo. Ethiopia imo, na Kenya imo. Ikiwa mama alikwisha kuchanjwa zamani na kadi yake ya njano ipo, hakuna tatizo, kwa kuwa tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote. Ikiwa hajawahi kuchanjwa, fikiria kwa makini, kwa sababu chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Njia rahisi ni kuepuka kusubiri kwa muda mrefu Addis wakati wa kurudi.

Mwisho, mwulize daktari kuhusu moyo na mapafu yake. Hewa ndani ya ndege wakati wa safari hulingana na ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400; katika Boeing 787 na Airbus A350 hushushwa hadi takribani mita 1,800, na wazee hupumua kwa nafuu zaidi. Uwanja wa Addis wenyewe uko zaidi ya mita 2,300. Kwa mama mwenye kisukari na presha iliyotulia si jambo la kumzuia kusafiri, lakini kama anahema akipanda kilima kidogo, daktari ajue.

Mkazi wa Silver Spring alijibu:

Ninakubaliana na wenzangu kwa mengi, ila kwa swali lako la pili nina maoni tofauti kidogo. Doha na Dubai zinakupa saa zipatazo tano na nusu kutoka Dar es Salaam, kisha saa 14 hivi bila kupumzika. Istanbul ni saa saba hivi, kisha kumi na moja hivi. Amsterdam inaigawa safari karibu nusu kwa nusu. Nilipomleta baba mkwe wangu, ambaye miguu yake huvimba, tuliongeza fedha kidogo ili tupite njia ya kugawa nusu, naye alifika akiwa na uso wa mtu aliyelala. Kwa mzee mwenye magoti mabaya, sehemu ndefu kupita kiasi ndiyo inayoumiza, na dola 100 za ziada kwa ajili ya kuipunguza si anasa.

Ukipita Ulaya, angalia jambo moja: uunganishe kwenye uwanja mmoja tu wa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ratiba inayokupeleka Amsterdam, kisha Frankfurt, ndipo Washington, itakulazimu kuingia ndani ya eneo hilo katikati ya safari, na hapo mtahitaji viza ya Schengen.

Dulles kuna magari makubwa yanayowachukua abiria wengi wa kimataifa kutoka kwenye ndege na kuwapeleka jengo la uhamiaji. Msiyapande kwa haraka. Msubirini mhudumu wa kiti pale mlangoni, hata kama wengine wote wameondoka. Kwa ofisa wa uhamiaji omba kusimama pamoja na mama, na uwe na karatasi yenye anwani na namba ya simu ya binti yake, kwa sababu simu inaweza kuwa imeishiwa chaji wakati huo.

Mwana wa Chumbageni alijibu:

Ninawashukuru sana, na Mama Muuguzi, shikamoo. Nimerudi kwa wakala leo na maelezo yenu. Nauli ya Istanbul kwa wiki yetu imekwisha kupanda kupita uwezo wa mchango, kwa hiyo imebaki Addis au Doha. Ya Addis wakati wa kwenda ina saa tatu na nusu za kusubiri na haina kituo cha mafuta, jambo lililonifurahisha. Wakati wa kurudi ilikuwa na saa 14, na mama hana kadi ya njano. Wakala ameona kwamba tukirudi siku moja baadaye tutasubiri saa nne kwa nauli ileile. Daktari tutamwona Alhamisi. Je, nikate sasa au nisubiri kauli yake kwanza?

Mkata Tiketi wa Arusha alijibu:

Mwombe wakala akushikie nafasi bila kulipa hadi Alhamisi jioni. Mara nyingi inawezekana kwa siku moja au mbili, naye akueleze saa kamili ambayo nafasi itafutwa. Daktari akiridhia, lipa siku hiyohiyo, kisha usiondoke ofisini kabla hajakuchapishia karatasi inayoonyesha WCHS na DBML kwenye kila moja ya sehemu nne za safari, kwenda na kurudi, kwa jina la mama. Wiki moja kabla ya kuondoka, pigia simu shirika lenyewe uwasomee namba ya nafasi wakuthibitishie, kwa kuwa ratiba ikibadilishwa maombi hayo wakati mwingine hupotea kwenye sehemu moja, na mara nyingi huwa ni ile ya kurudi.