Texas: kijana ana 66 kwenye Algebra, je atazuiwa michezo yote?

MamaFuraha_FW

Habari za humu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaozijua sheria za michezo ya shule hapa Texas. Tuko Fort Worth. Kijana wangu yuko darasa la 10, sasa hivi anakimbia mbio za nyika na kuanzia Januari anacheza soka. Wiki sita za kwanza zimeisha Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025. Masomo yote kafaulu isipokuwa Algebra, kapata 66. Shule imeleta barua kwamba amesimamishwa, lakini tarehe zake sizielewi. Anakaa nje muda gani? Na mazoezi je?

Kuna mengine mawili. Makaratasi yetu ya ukimbizi yanasema kazaliwa 1/1/2008, nasikia kuna kikomo cha umri. Halafu binamu yake yupo kwangu tangu Juni, wazazi wake bado wako kambini Nyarugusu. Nina karatasi ya notari inayonipa ruhusa ya kumlea, na shule ilimwandikisha bila shida, ila kocha anasema timu kubwa hawezi kuchezea. Kwa nini?

Kipenga

Mama Furaha, tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganywa.

Hii ni sheria ya jimbo, ile ya "hujafaulu, huchezi". Ilipitishwa mwaka 1984, na wakati huo adhabu ilikuwa wiki sita. Mwaka 1995 ikapunguzwa kuwa tatu. Inazihusu shule zote za umma, na UIL, chombo kinachosimamia michezo, muziki na mashindano ya taaluma ya shule hapa Texas, kinaifuata. Chini ya 70 kwenye somo lolote, basi. Haijalishi mengine ana 95. Na 69 si 70.

Kwa kijana wako kalenda ni hii:

Ijumaa 26 Septemba kipindi kimefungwa. Hapo hasimami papo hapo, kuna siku saba za kawaida (Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa) ambazo bado anaruhusiwa. Zinaisha Ijumaa tarehe 3 Oktoba masomo ya siku yanapomalizika. Kwa hiyo mashindano ya Alhamisi tarehe 2 anakimbia, ya Jumamosi tarehe 4 hakimbii.

Wiki tatu za shule zinahesabiwa kuanzia Jumatatu 29 Septemba, yaani tangu kipindi kilipofungwa, hazisubiri zile siku saba ziishe. Ukaguzi unafanyika Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Kama siku hiyo ana 70 au zaidi katika masomo YOTE, anasubiri siku saba nyingine, na Ijumaa tarehe 24 Oktoba shule ikitoka anakuwa huru.

Ukijumlisha, anakaa nje kuanzia tarehe 3 hadi 24 Oktoba. Kwa mbio za nyika hilo ni pigo, kwa sababu mashindano ya wilaya kwa kawaida huangukia katikati ya Oktoba, na asiyekimbia wilaya hafiki kanda. Soka lake la Januari liko salama kwa sasa.

Mazoezi anaendelea kama kawaida. Sheria inazuia mashindano na maonyesho mbele ya watu, mazoezi haizuii. Usikubali mtu amwambie arudi nyumbani saa ya mazoezi kwa kisingizio cha sheria hii. Na usimwache ajitoe mwenyewe kwa aibu, maana akirudi tarehe 24 bila pumzi atakuwa amepoteza msimu mara mbili.

Mwalimu_Hesabu

Naongezea kwa upande wa darasani. Ukaguzi wa tarehe 17 unaangalia alama za kipindi KIPYA, zinazoanza upya tarehe 29 Septemba. Ile 66 haifuatwi tena. Lakini vilevile yale masomo aliyofaulu hayana kinga. Mtego mkubwa uko hapa: kijana anatia nguvu zote kwenye Algebra anafika 78, huku historia imeshuka mpaka 67 kwa sababu ya kazi mbili ambazo hakuzikusanya. Tarehe 17 bado amefungwa, na sasa anasubiri mpaka kipindi cha pili kiishe, mwanzoni mwa Novemba kama shule yenu inakwenda kwa wiki sita sita, halafu tena siku saba.

Wiki tatu zina kazi chache, kwa hiyo sifuri moja inauma kuliko kawaida. Tuseme mpaka siku ya ukaguzi kuna kazi tano zenye uzito sawa: nne ana 85, moja hakukusanya. Wastani ni 68. Angekusanya ile ya tano hata vibaya, akapata 50, wastani ungekuwa 78. Watoto wengi wanaofungiwa wanaliweza somo vizuri, kilichowaponza ni kazi ambazo hazikufika kwa mwalimu. Fungua akaunti ya mzazi kwenye mfumo wa alama wa shule, uangalie Jumatano na Ijumaa. Alama ya "haijakusanywa" ikitokea, mtume aonane na mwalimu siku inayofuata kabla masomo hayajaanza. Usingoje kikao cha wazazi.

MamaFuraha_FW

Asanteni sana. Mwalimu wake wa Algebra ana moyo mzuri, amesema anaweza kumpa kazi za ziada ili ile 66 ipande ifike 70. Hiyo haisaidii?

Mwalimu_Hesabu

Kwa kibali cha michezo haisaidii, dada. Kazi ya ziada au mtihani wa kurudia uliofanyika baada ya kipindi kufungwa hauhesabiwi. Huenda ikamsaidia kwenye ripoti yake, lakini akichezeshwa kwa alama hiyo timu nzima inaweza kunyang'anywa matokeo.

Kuna hali moja tu tofauti: pale mwalimu alipoandika "haijakamilika" badala ya namba, tuseme mtoto alikuwa hospitali. Hapo kazi ikikamilishwa na alama ya kufaulu ikaingia kabla zile siku saba hazijaisha, anaendelea kucheza. Tofauti ni kwamba hiyo inaandikwa wakati kipindi kinafungwa. Haiwezi kubandikwa baadaye juu ya 66.

Na kama mwalimu alikosea kujumlisha, hilo ni kosa la hesabu, linarekebishwa. Mwombe mchanganuo wa alama, kazi kwa kazi, uupitie mwenyewe.

Kipenga

Mengine ya haraka kuhusu alama.

Kijana aliyefaulu mwisho wa kipindi hawezi kufungiwa katikati. Ripoti ya maendeleo ya wiki ya tatu ikionyesha 61 ni onyo tu kwake. Ukaguzi wa wiki tatu ni wa wale ambao tayari wako nje. Kocha anaweza kumweka benchi kwa utaratibu wa timu yake, lakini hiyo siyo sheria ya jimbo.

Shule zenye vipindi vya wiki tisa nazo hukagua wiki sita za kwanza za mwaka, kisha zinafuata mwisho wa kila wiki tisa.

Likizo ya wiki nzima au zaidi, wote wanaruhusiwa kucheza hata waliofungiwa. Mashindano ya likizo ya Desemba yaangalie kwa jicho hilo.

Baadhi ya masomo ya ngazi ya juu, yale ya AP, IB au ya krediti za chuo, yanaweza kusamehewa, yaani kufeli huko hakumzuii kucheza. Muulize mshauri wa masomo orodha ya wilaya yenu kabla ya kuchagua masomo. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni hayamo katika msamaha huo, na watoto wetu wengi wanakwama hapo. Mwenye mpango wa elimu maalumu anapimwa kwa malengo ya mpango wake, kwa hiyo hakikisha kocha analijua hilo.

Na mwanzoni mwa mwaka, kabla wiki sita za kwanza hazijaisha, kinachoangaliwa ni krediti, yaani pointi za masomo aliyokwisha kufaulu: darasa la 10 awe na 5, la 11 awe na 10, la 12 awe na 15. Kwa la 11 na la 12, aliyepungukiwa anaruhusiwa kama alipata 5 ndani ya miezi 12 iliyopita. Waliotoka Kenya, Uganda au Tanzania, leteni ripoti za shule mlizosoma, hata za mkono zenye muhuri. Bila hizo mtoto anaanza na krediti sifuri.

Beki_wa_Houston

Mimi nijibu umri na binamu.

Kwa michezo ya viungo, mwanafunzi awe hajafikisha miaka 19 tarehe 1 Septemba ya mwaka huo wa masomo. Kwa 1/1/2008: Septemba 2025 ana 17, anacheza. Septemba 2026 ana 18, anacheza. Septemba 2027, akiwa darasa la 12, ana 19. Amekwisha. Soka ya shule inaanza Januari, kwa hiyo msimu wake wa mwisho ni ule wa 2027, akiwa darasa la 11. Mwambie kocha wake mapema, kwa sababu anayetafuta nafasi ya chuo kwa mpira lazima video na barua zianze mwaka mmoja kabla ya wenzake.

Familia nyingi za wakimbizi zina hiyo 1 Januari kwa sababu kambini mtu hakuwa na tarehe kamili na karani akaandika mwaka tu. Kama mnacho cheti halisi cha kuzaliwa kinachoonyesha tarehe nyingine, marekebisho yanafanyika idara ya uhamiaji, USCIS. Shule inafuata karatasi za uhamiaji. Yanachukua muda, yaanze sasa. Ila angalieni na hesabu: kama kweli alizaliwa Agosti 2008, Septemba 2027 bado angekuwa na miaka 19. Angezaliwa tarehe 2 Septemba 2008 au baadaye ndipo angepata msimu mmoja zaidi. Na tafadhali, mtu asije na cheti cha kutengeneza. Mbali na mpira, karatasi ya uongo uhamiaji inaiumiza familia nzima.

Msamaha ulioandikwa katika kanuni ya umri ni wa mwanafunzi mwenye ulemavu uliomchelewesha masomo kwa angalau mwaka mmoja.

Umri haugusi kwaya, bendi, maigizo wala midahalo ya UIL. Huko kinachobaki ni alama, mahudhurio na miaka minne: saa ya miaka minne inaanza kuhesabiwa siku mtoto anapoingia darasa la 9 kwa mara ya kwanza, na haisimami akiacha shule. Waliosoma kwetu Afrika wawe makini hapa. Kidato cha kwanza cha Kenya cha mfumo wa 8-4-4 ni mwaka wa 9 wa shule. Cha Tanzania, kwa waliosoma msingi miaka 7, ni wa 8. Mweleze hivyo anayesoma vyeti vyenu, asije akahesabu mwaka ambao haupo.

Sasa binamu. Karatasi ya notari inatosha kumwandikisha shule. Haitoshi kwa timu kubwa, ile ya vasiti. Kanuni inataka mwanafunzi aishi na wazazi wake katika eneo la shule, au na mlezi aliyewekwa na mahakama kwa angalau mwaka mmoja. Bila mahakama, inatambuliwa kama ameishi kwako na ukamtunza miaka mitatu. Lengo ni kuzuia shule kuvuta wachezaji kwa kuwapangia kwa mjomba.

Njia zake ni hizi:

Acheze timu ya pili mwaka huu. Kanuni ya makazi ya wazazi haimzuii huko, mradi alama zipo na ameshahudhuria siku 15. Akitimiza mwaka mmoja wa kalenda katika shule hiyohiyo mfululizo, suala la makazi linakwisha. Kwa hiyo msimhamishe shule katikati! Mkihama nyumba, ulizeni kwanza.

Au shule iombe msamaha wa makazi UIL, Austin, kwa sababu kutengana na wazazi hakukuwa hiari yao. Ombi linapitia shuleni, wewe huandiki moja kwa moja. Kusanya barua ya shirika lililowapokea, nakala ya I-94 yake (rekodi ya kuingia Marekani), na chochote kinachoonyesha wazazi wako Nyarugusu.

Na kama aliwahi kuchezea au kufanya mazoezi na timu ya shule nyingine tangu darasa la 8, lazima ijazwe fomu ya ushiriki wa awali, PAPF, kabla hajavaa jezi ya vasiti. Jibu la kweli kila swali. Kinachomponza mtu mara nyingi ni kuandika kwamba hakuwahi kucheza, halafu picha zake zipo mtandaoni.

Kipenga

Beki kamaliza. Nina moja la vijana wetu wa soka: zile ligi za jumuiya za kiangazi, Wakongo na Warundi na wengine, zenye zawadi ya fedha taslimu. Mchezaji wa shule akigawiwa hata dola 50 amevunja kanuni ya uridhaa, yaani ya kucheza bila malipo, na kwa vasiti anaweza kuwa nje mwaka mzima tangu alipopokea. Kama hakujua, akizirudisha ndani ya siku 30 baada ya kujulishwa, anarejeshewa ruhusa pale anapozirudisha. Apewe stakabadhi yenye tarehe na saini ya mweka hazina wa ligi, na nakala ibaki kwa kocha wa shule.

MamaFuraha_FW

Mungu awabariki. Kesho naenda kwa mshauri wa masomo na tarehe hizi, na binamu namwambia abaki timu ya pili mpaka Juni.

Beki_wa_Houston

Si Juni, mama. Mwaka unahesabiwa tangu siku alipoanza kuhudhuria hiyo shule, yaani Agosti. Omba ofisini karatasi yenye tarehe yake ya kuandikishwa na ya siku ya kwanza darasani.