Nifanyeje nimkaribie mnyama wa porini bila kunishtukia? Nataka picha

chipukizi_wa_lenzi
Habari za humu wakuu. Nina kamera na lenzi ya 300mm, napenda sana picha za wanyama wa porini, naongelea swala, ndege na vinyama vidogo, sio simba wala nyati. Shida yangu ni moja, kila nikisogea wananishtukia mapema. Juzi nimevaa kijani mwili mzima, nikainama, nikanyata kama robo saa nzima kuwafuata swala watatu waliokuwa wanakula, nimefika kama mita 70 hivi yule jike wa pembeni akanyanyua kichwa, akanikazia macho, akapiga guu chini mara mbili. Nikaganda. Akainamisha kichwa, nikajua kaniacha, nikanyanyua kamera, kumbe anakinyanyua tena pale pale, wote wakapotea. Nimebaki na picha za mikia. Nguo nimevaa, kimya nimekaa, sasa nakosea wapi? Hata mkijibu kwa kirefu nitasoma yote.

nyika_tulivu
Karibu mkuu. Umetaja nguo, umetaja kimya, upepo hujautaja kabisa, na hapo ndo pa kuanzia. Mnyama akikuona anaweza kusita akuangalie vizuri, akikusikia anaweza kutega masikio asikilize tena, ila akikunusa hana cha kuhakikisha, anaondoka. Mabaharia wana maneno yao mazuri kwa hili, mnyama awe joshini wewe uwe demani, yaani upepo utoke kwake uje usoni kwako.

Mimi nafunga uzi mwembamba wa pamba mbele ya lenzi, kama sentimita 10 tu, nauangalia kila baada ya hatua chache. Usipime upepo mara moja pale unapoanzia halafu ukasahau. Kwenye vilima asubuhi na mapema hewa ya baridi inateremka bondeni, jua likishapasha mteremko inageuka inapanda, kwa hiyo njia iliyokufaa saa 12 saa 4 inakuuza. Uzi ukigeukia kwa mnyama usijidanganye utawahi, rudi nyuma uzunguke, hata kama mzunguko ni wa nusu saa.

Na kuhusu yule jike, alipopiga guu chini kazi ilikuwa imeshaharibika. Ile ni ishara anawapa wenzake na wewe pia anakwambia nimekuona. Kile kichwa kushuka na kupanda ghafla ni kukutega ujisogeze akuone vizuri. Dalili za kuangalia ni za kabla ya hapo: ameacha kutafuna, masikio yote mawili yamekugeukia, mwili umekaza. Ukiona anasimamisha taya tu, simama hapo hapo ulivyo, mguu ukiwa juu ubaki juu.

jicho_pevu
Naongezea upande wa macho maana watu wengi wanapoteza pesa kwenye nguo za mabaka wakati tatizo liko kwingine. Swala na wenzake macho yako pembeni ya kichwa na mboni imelala kama mstari, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, kwa hiyo ile kusema nitapita nyuma yake haisaidii sana. Ila rangi haoni kama sisi, nyekundu na chungwa kwake zinafifia zinaelekea kijani. Simbamarara ana rangi ya chungwa inayowaka na bado anavizia kulungu mchana kweupe. Wanachokamata haraka ni kitu kinachotembea, na umbo la mtu aliyesimama, hasa ukiwa juu ya kilima mbingu iko nyuma yako.

Kwa hiyo shuka chini, weka kichaka au mti MGONGONI sio lazima mbele yako, ili umbo lako lizame ndani yake. Usimfuate moja kwa moja na usimkodolee macho, anayekuja mstari ulionyooka huku anakutazama ni mwindaji, hilo wanalijua vizuri. Nenda mshazari kama unampita, simama, angalia pembeni, songa tena anapoinamisha kichwa kula.

Kitu kingine kilichokuponza ni kunyanyua kamera. Mkono unaopanda kutoka kiunoni mpaka usoni ni mwendo mkubwa sana. Tembea kamera ikiwa tayari iko kifuani au shavuni, seti zote umeshaweka, mlio ule wa fokasi zima, na ile taa ndogo ya fokasi nayo zima, shata (kile kinachofunguka na kujifunga ukipiga picha) weka ya kimya. Ila shata ya kielektroniki kwenye ndege anayepiga mabawa inaweza kupinda picha, ijaribu kamera yako kwanza.

Ndege ni habari nyingine, wao rangi wanaona kutuzidi, hata miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Usifulie nguo za porini sabuni zile za kung'arisha weupe, zinaacha kitu kinachomeremeta kwenye miale hiyo.

mama_korongo
Vijana mmesema vizuri ila mimi mnisikilize kwenye kitu kimoja, kwanini mnamfuata? Picha zangu ninazozipenda zote mnyama ndiye kanifuata mimi. Tafuta njia yao, kwato zimekanyaga pakawa kama uchochoro, au kijito wanakokunywa maji, au tawi ambalo chini yake pana kinyesi cheupe cha mdiria, yule ndege mvua samaki, hiyo ni sehemu yake ya kuvulia, atarudi tu. Fika kabla yao, keti chini, egemea mti, jitande kitambaa chenye rangi ya majani makavu, tulia. Dakika 20 za kwanza utaona hakuna kitu, halafu ndege wadogo wanaanza kulia na kurukaruka kama kawaida, hapo jua pori limekusahau.

Gari nalo ni maficho mazuri sana, wengi hawalitambui kama mtu. Zima injini, usitoe mkono nje.

Na kitu nisichokubaliana nacho kabisa ni kuvizia kiota. Mama akiruka mayai yanapoa au yanaliwa, na wewe ulichopata ni picha tu. Ukiona ndege analia anakuzunguka au anaburuta bawa kama limevunjika, kiota kipo karibu, ondoka haraka kwa njia uliyojia uangalie unapokanyaga.

chipukizi_wa_lenzi
Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. @mama_korongo umenigusa. Swali dogo, hao ndege wanaokaa juu ya wanyama wakubwa, nao wanatoa taarifa kweli au ni stori tu?

nyika_tulivu
Ni kweli kabisa, na jina lenyewe linasema, askari wa kifaru. Kuna utafiti ulitoka 2020 wa vifaru weusi Afrika Kusini, mtu alikuwa anawasogelea kwa kukatisha upepo, yaani ukimpiga ubavuni, vifaru wasio na ndege walimshtukia mara 23 tu kati ya 100, wenye ndege walimshtukia kila mara. Na kilichonishangaza mimi, ndege akilia kifaru anageukia kule upepo unakoelekea, maana ndo upande ambao pua yake haiwezi kumsaidia. Kifaru kwa miguu usimsogelee hata kama hana ndege, nakuambia tu ujue kwamba unaonwa na pori zima, sio na yule mmoja uliyemlenga.

chipukizi_wa_lenzi
Nimerudi wakuu. Jumamosi nimefika gizagiza nikakaa karibu na tawi la mdiria kama mama_korongo alivyosema, uzi kwenye lenzi, mgongo kwenye mti. Saa nzima na zaidi hakuna kitu, miguu ikafa ganzi, sikuisogeza. Halafu akatua mita 6 hivi, sikuamini! Ana kisamaki mdomoni, anakipigiza kwenye tawi kushoto, kulia, kushoto, magamba yanaruka, akakigeuza kichwa kitangulie ndo akakimeza, kisha akafuta mdomo kwenye gome. Nimepiga picha 40 na hakugeuka hata mara moja. Nyingi mwendo wa mdomo umefifia, shata niliweka 1/500 ya sekunde, nadhani ilitaka 1/2000 ila mwanga ulikuwa mdogo. @jicho_pevu hapo ungepandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) au ungesubiri jua lifike tawini?

jicho_pevu
Pandisha ISO bila kuogopa, chengachenga zinapunguzwa baadaye, mdomo uliofifia hautengenezeki. Na kesho rudi tawi lile lile, ila sogea hatua mbili kulia jua likipanda liwe mgongoni kwako.