Tasnifu ya isimu: sifa ya sauti au uchakataji wa lugha? Naomba ulinganisho

Mtafiti_Chipukizi
Salaam wanajamvi. Nipo mwaka wa kwanza wa uzamili katika isimu na msimamizi wangu anataka nichague mada mwezi huu. Nimebakiwa na mbili, na kila nikilala na moja naamka na nyingine.

Ya kwanza ni sifa ya sauti: namna nyuzi za sauti zinavyotetema, irabu ikatoka na pumzi nyingi, ikatoka kawaida, au ikatoka kwa mkwaruzo. Ya pili ni uchakataji wa lugha: kichwani kunatokea nini pale msomaji anapokutana na kitenzi kisichopatana na kiima chake.

Sitafuti iliyo rahisi. Nataka kujua kila moja inamla mtu muda wapi na watu hukwamia wapi. Mliopita njia hizi, tafadhali.

Fomanti
Mimi nimekaa na sauti miaka kadhaa, nitaisemea hiyo. Kuingia si kazi: maikrofoni nzuri, chumba tulivu, na Praat, programu ya bure ya kuchanganua sauti, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Usikiachie kifaa kipunguze kelele chenyewe, maana kinachokiona ni kelele ndiyo pumzi unayoitafuta.

Ugumu uko kwenye kipimo. Wengi huanza na H1-H2, yaani tofauti ya nguvu kati ya harmoniki (mawimbi madogo yanayojenga sauti) ya kwanza na ya pili. Nyuzi zikikaa wazi muda mrefu zaidi katika kila mzunguko, tofauti hukua, zikibanwa, hupungua. Maelezo matamu, mpaka uweke [i] ya msemaji mwenye kidatu cha juu, yaani sauti nyembamba. Fomanti, yaani mwangwi wa mdomo na koo unaokuza baadhi ya mawimbi, ya kwanza ya [i] iko karibu na hezi 300. Kidatu kikiwa kwenye 250 hivi, fomanti hiyo huipandisha H1, nawe unaandika "pumzi" pasipo na pumzi. Yapo masahihisho ya kihesabu, na VoiceSauce, programu ya chuo kikuu cha UCLA, huyafanya, ila yanategemea fomanti zilizokadiriwa vizuri. Fomanti zikikosewa, sahihisho lenyewe ndilo linaloleta kosa. Mimi huanza na [a] peke yake, na maneno yenye m au n jirani ya irabu nayaacha, kwa sababu unazi, yaani sauti kupitia puani, huvuruga sehemu ileile ya spektra (mgawanyo wa nguvu za sauti).

Kuna pia CPP, kipimo cha Hillenbrand na wenzake cha mwaka 1994. Kinaangalia mawimbi yanajirudia kwa mpangilio kiasi gani, na hakihitaji fomanti. Lakini kinashuka kwa pumzi na kinashuka kwa mkwaruzo pia, kwa kuwa mkwaruzo hautetemi kwa mpangilio. Ukikitegemea peke yake, sauti mbili zilizo kinyume zitaonekana pacha. Vitumie vyote viwili.

Na usichukue wastani wa irabu nzima. Kimazateki cha Jalapa, kule Meksiko, kinatofautisha maneno kwa pumzi, kawaida na mkwaruzo, na juu ya hayo kina toni. Garellek na Keating walionyesha mwaka 2011 kwamba tofauti hizo zina nguvu zaidi mwanzoni mwa irabu. Igawe irabu mafungu matatu ndipo upime.

Muda wako utaliwa baada ya kurekodi: kuweka mipaka ya irabu kwa mkono, moja moja, kwa wiki nyingi.

Glota_Wazi
Naafiki, ila kwa nini tukisie hali ya nyuzi kupitia mdomoni wakati tunaweza kuzifuata shingoni? Elektroglotografia ipo tangu Fabre, 1957. Elektrodi mbili huwekwa shingoni, pande mbili za zoloto, palipo na nyuzi za sauti, na kupitishwa mkondo dhaifu sana. Nyuzi zikigusana umeme hupita kwa wepesi, zikiachana hupungua. Fomanti hazikusumbui, wala kelele ya chumba.

Fomanti
Kweli mkuu, lakini kinachopimwa ni mguso. Pumzi ikizidi hadi nyuzi zisigusane sawasawa, huna ishara ya kutegemea. Na kwa watoto na baadhi ya wanawake ishara mara nyingi huwa hafifu. Ningeitumia sambamba na maikrofoni, si badala yake.

Bi_Upatanisho
Nije upande wa pili, ambako muda unaliwa kabla. Siku ya jaribio lenyewe hupita haraka. Miezi huishia kwenye kutunga sentensi. Kila seti itofautiane kwa kitu kimoja tu, na urefu wa maneno na mazoea ya watu kwa maneno hayo vilingane.

Chukua mvuto wa upatanisho. Bock na Miller waliandika mwaka 1991 kuhusu wasemaji wa Kiingereza wanaopatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu badala ya kiima. Kwetu ni kama mtu aseme "Ufunguo wa makabati yamepotea". Kiingereza kina umoja na wingi tu wa kuchezea. Kiswahili kina ngeli! Tazama "Ufunguo wa kabati limepotea": hakuna wingi popote, ila nomino ya karibu imekiteka kitenzi. Je, hapo msomaji hukwama kwa kiasi kidogo kuliko kwenye "Ufunguo wa kabati kimepotea", ambapo ki- haina mwenyewe katika sentensi? Swali hilo Kiingereza hakiwezi kuliuliza. Ningekuwa wewe ningelishika leo.

Kuhusu mbinu, ya kusoma kwa kubofya, neno baada ya neno, ilielezwa na Just, Carpenter na Woolley mwaka 1982 na inahitaji kompyuta tu. Kasoro yake ni kwamba kukwama hujitokeza mara nyingi kwenye neno linalofuata. Usiimalize sentensi kwenye kitenzi kamwe. Kifaa cha kufuatilia macho hukuonyesha mengi zaidi: jicho hutua kama milisekunde 200 hadi 250, linaruka maneno, linarudi nyuma. Kurudi huko kubofya hakukuonyeshi.

Na kwenye takwimu, usisahau kuwa sentensi zako ni sampuli kama washiriki walivyo sampuli. Clark alilisema tangu 1973 na bado watu hulikosea.

Mawimbi
Kuhusu EEG, yaani kupima umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani: inavutia sana, milisekunde kwa milisekunde. Kutas na Hillyard walionyesha N400, wimbi la ubongo linalokuja kama milisekunde 400 baada ya neno, mwaka 1980 kwa neno lisiloleta maana katika sentensi. Osterhout na Holcomb wakalipa jina P600 wimbi la baadaye kidogo, mwaka 1992, upande wa sarufi. Lakini wimbi moja halionekani ndani ya kelele za ubongo. Unahitaji sentensi nyingi kwa kila hali ili upate wastani, na kupepesa macho huharibu rekodi. Mimi nilitupa data za washiriki kadhaa kwa sababu hiyo tu, na iliniuma. Kama maabara haipo tayari na mtu wa kukushika mkono hayupo, iache kwa sasa.

Mtafiti_Chipukizi
Asanteni sana. Je, siwezi kuziunganisha? Msikilizaji naye husikia pumzi na mkwaruzo huku akichakata sentensi.

Bi_Upatanisho
Inawezekana, mdogo wangu. Tanenhaus na wenzake, 1995, waliwapa watu maagizo ya kusikiliza huku macho yao yakifuatiliwa kwenye vitu vilivyo mbele yao. Ukisema "alikichukua", ki- inasikika kabla ya "kikombe", na jicho linaweza kuwahi. Mkwaruzo nao, katika lugha kadhaa, hutokea mwishoni mwa kauli, kwa hiyo unaweza kumwambia msikilizaji kuwa sentensi inaisha.

Ila ukibadilisha sauti na sarufi kwa pamoja, macho yakiwahi hutajua yamefuata kipi. Moja kwanza.

Fomanti
Hapo namuunga mkono, ingawa nakupoteza.

Mtafiti_Chipukizi
Basi nachukua mvuto wa ngeli, kwa kusoma kwa kubofya. Kitenzi nitakifuatishia maneno matatu: "umepotea tena jana jioni". Je, nomino ya karibu iwe ya ngeli moja katika sentensi zote?

Bi_Upatanisho
Hapana, changanya li-, ki- na i-, la sivyo utakuwa umepima kiambishi kimoja tu. Ila kila kiambishi kionekane mara sawa kwenye kila hali. Weka maswali ya ufahamu baada ya baadhi ya sentensi ili ujue wanasoma kweli. Tunga seti kumi za mwanzo uzilete hapa, nitazisoma zote.